Kipima mwanga hakijui chumvi wala mpingo

Wengi wanaoanza kupiga picha kwa filamu huuliza kwanza wanunue kamera ipi. Yoyote ambayo shata yake (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) inafunguka sawasawa itakutosha. Filamu hupotea kwa sababu mwanga umepimwa mahali pasipo pake, na huku Kusini mwa Tanzania tuna walimu wawili wazuri wa jambo hilo: chumvi na mpingo.

Kipima mwanga cha ndani ya kamera huchukulia kwamba kila unachokielekezea ni cha kijivu cha wastani. Nenda kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi, jaza kioo cha kamera kwa lundo jeupe, kisha fuata mshale wa kipima. Chumvi itatoka kijivu. Elekeza kamera ileile kwenye kinyago cha Kimakonde: itadhani pana giza, itakuambia uongeze mwanga, na mpingo utatoka umepauka. Kwa hiyo kwenye cheupe ongeza stopu moja na nusu hadi mbili. Kwenye cheusi punguza kiasi hichohicho. Ndiyo, kwenye cheusi unapunguza. Wanafunzi hubishana sana hapo mpaka waione picha. Stopu moja ni mwanga kuwa mara mbili au nusu: kutoka tundu la lenzi la f/16 kwenda f/11 umeuzidisha mara mbili, na kutoka kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde kwenda 1/60 ni vilevile.

Uso wa mtu una shida yake. Mtu akisimama ufukweni Msimbati, bahari na mchanga nyuma yake, kamera inapima mchanga na uso unabaki kivuli kitupu. Weka kiganja chako kwenye mwanga uleule unaomwangukia, kipime kwa karibu, halafu ongeza stopu moja. Viganja vya watu havitofautiani sana kwa rangi, ndiyo maana njia hii inafaa kwa kila ngozi.

Betri ikiisha, usirudi nyumbani. Jua likiwaka, tumia f/16 na kasi iliyo karibu na ISO ya filamu (namba ya wepesi wake wa kushika mwanga): ISO 100 kwa 1/125, ISO 400 kwa 1/500. Mchangani nenda f/22, mawingu mepesi f/11, mawingu mazito f/5.6, kivulini f/4. Ila kumbuka tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Msimu wa korosho unapoanza, mwezi Oktoba, jua la saa sita mchana linasimama utosini. Mwanika korosho aliyevaa kofia ana macho yaliyozama gizani, na hesabu ya f/16 haitayaokoa. Mwombe asogee chini ya mkorosho, au rudi saa kumi na moja jioni.

Filamu ya negativu (ambayo angavu na giza hutoka vimegeuzwa), ya rangi au nyeusi na nyeupe, huvumilia mwanga uliozidi stopu moja hata mbili. Ukipungua, sehemu za giza hazina kitu cha kurudisha. Ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, jua linapopenya kwenye matao, pima jiwe lililo kivulini ambalo bado unataka lionekane mikwaruzo yake, kisha punguza stopu mbili, maana kipima kingelifanya kijivu na wewe unataka libaki la kivulini. Slaidi, filamu inayotoa picha iliyo tayari bila negativu, ni kinyume chake: hapo unalinda sehemu angavu, na kwa mtu anayeanza sioni sababu ya kuihangaikia.

Filamu isikae kwenye gari lililoegeshwa juani. Andika kwenye daftari tundu na kasi ya kila picha, hasa kama filamu unaituma mbali kusafishwa. Majibu yakija utakuwa umeshasahau.

Yakija, usihukumu kwa picha zilizochapwa. Mashine ya kuchapa, hata ya kuskani, husawazisha mwanga yenyewe na kukuficha. Shika negativu dirishani. Ikiwa nyepesi mno, sehemu za kivuli zikiwa wazi kama kioo, mwanga ulipungua. Kisha tazama namba na maandishi ya pembeni, yaliyopigwa kiwandani. Yakiwa meusi na makali huku picha ni hafifu, tatizo ni upimaji wako. Yakiwa yamefifia nayo, kazungumze na aliyeisafisha.