Usigombane nao kwa grupu

Dada, umeuliza utawajibu aje majirani wa ploti wanaotuma kwa WhatsApp ati kitunguu saumu kinazuia korona. Usiwaaibishe mbele ya wengine, utawapoteza kabisa. Anza na ukweli wenyewe, mfupi: kitunguu ni chakula kizuri lakini hakizuii korona, virusi vinapitia hewa mtu akikohoa ama hata akiongea karibu na wewe, so fungueni madirisha, vaeni barakoa kwa matatu. Tuma voisi, sio maandishi marefu, mama mboga atasikiza akikata sukuma. Kitu hujui sema hujui, kisha uliza CHP, yule mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa. Na ushauri ukibadilika waelezee ni kwa nini, juu 2020 ule wa barakoa ulibadilika na wengi hawakuelezwa sababu, hapo ndio waliacha kuamini.