Kiungo cha kubofya kwenye terminali: nimalizie kwa \a au kwa \e\\?

SWALI: Skripti yangu ya Bash huorodhesha ripoti. Nataka jina la ripoti libofyeke, anwani ndefu isionekane. Nimekuta mifano miwili: mmoja unamalizia kwa \a, mwingine kwa \e\\. Nifuate upi?

JIBU: Fuata wa pili, ila andika \033 mahali pa \e (zote mbili ni baiti ya ESC). Kuna shell, dash mojawapo (ndiyo sh ya Debian na Ubuntu), ambazo printf yake (amri ya kuchapa maandishi) haiijui \e. Msimbo huu unaitwa OSC 8 (OSC ni misimbo ya kuiagiza terminali); GNOME Terminal na iTerm2 ziliupokea mwaka 2017, kisha nyingine zikafuata.

printf '\033]8;;%s\033\\%s\033]8;;\033\\\n' "$anwani" "$jina"

Kipande cha mwisho, chenye anwani tupu, ndicho kinachofunga kiungo. Kikikosekana, maandishi yanayofuata nayo yanageuka kiungo. Na tafadhali usibandike anwani moja kwa moja mahali pa %s: ikiwa na %20, printf itaidhani ni agizo lake na kuivuruga.

Kwa nini si \a? Hiyo ni BEL, baiti ya 7 ya kuliza kengele, mazoea yaliyotoka xterm, terminali ya zamani. Terminali nyingi huikubali, lakini isiyoijua OSC italia kengele kwa kila kiungo. ESC na \ ndiyo tamati iliyowekwa na kiwango cha ECMA-48. Ipo pia tamati ya baiti moja, 0x9C. Iepuke kabisa, kwani ndani ya UTF-8 baiti hiyo ni kipande tu cha herufi.

Kinachosumbua watu zaidi ni mpangilio wa safu. Ukipitisha kiungo kizima kwenye %-30s (agizo la printf la kujaza safu ya upana wa 30), baiti zisizoonekana nazo zinahesabiwa, safu zinapinda. Pima urefu wa jina peke yake, funga kiungo, ndipo uongeze nafasi.

Anwani iwe na baiti za 32 hadi 126 tu. Nyinginezo, na hata nafasi yenyewe (baiti ya 32), ziandikwe kwa mtindo wa %20. Kwa faili, weka jina la mashine: file://$(hostname)/njia. Bila hilo, anayeingia kwenye mashine hiyo kwa mbali, kwa SSH, akibofya, faili itatafutwa kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Chapa msimbo pale tu [ -t 1 ] inapokubali, yaani matokeo yanapokwenda kwenye terminali, la sivyo utajaa takataka kwenye faili na grep. Ndani ya tmux (programu ya kugawa terminali moja kuwa kadhaa), unahitaji toleo la 3.4 au jipya zaidi.