Mwanangu, kuhusu Vuk na herufi zake

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kamusi ya Kiserbia ya 1818 ni ya Vuk Karadžić hasa, yule Mserbia aliyerekebisha maandishi ya lugha yake, au ni ya Kopitar, yule Mslovenia aliyekuwa mkaguzi wa vitabu pale Vienna. Nitafika huko. Kwanza tazama herufi, maana mimi huamini, nawe umeshanisikia mara nyingi, kuwa mtunga kamusi hujulikana kwa herufi zake kabla ya maneno yake.

Vuk alishika kanuni moja: andika unavyosema, kila sauti na herufi yake. Katika herufi za Kisiriliki alizozikuta, akaitupa ѣ, akaitupa ъ, akazitupa я na ю. Penye л (yaani l) laini aliibandika ь, alama ya ulaini, ubavuni, ikazaliwa љ. Na н (yaani n) vivyo hivyo, ikawa њ. Ђ alichorewa na mshairi Lukijan Mušicki. J aliitoa kwenye Kilatini, na hapo ndipo wakuu wa Kanisa la Orthodoksi walipomgeukia, wakimshuku kuwa anawavuta watu kwa Wakatoliki. Jumla, pamoja na х iliyoingia baadaye, zikawa 30.

Lakini hiyo х, sauti iliyo karibu na kh yetu, je? Kijijini kwao Tršić watu hawakuitamka, basi kamusi yenye maneno zaidi ya 26,000 ikatoka bila х. Hili linaniuma hadi leo. Dubrovnik waliitamka, Montenegro pia, naye alipoisikia huko akaja kuirudisha 1836. Andika unavyosema, sawa, ila anavyosema nani? Bibi yako, mtu wa Mombasa, angelielewa swali hilo, kwa jinsi Kiunguja kilivyopewa kiti cha Kiswahili sanifu 1928. Hata hivyo, mtu huanzia kwenye sikio lake. Angengoja kuzunguka kote, kamusi isingetoka. Nasema hivyo, kisha nawafikiria watu wa Dubrovnik, moyo unakataa.

Serbia ilipiga marufuku tahajia ya Vuk 1832, ikaja kuikubali rasmi 1868, miaka 4 baada ya yeye kufariki.

Haya, swali lako. Maneno ni ya Vuk. Kopitar ndiye aliyemsukuma aanze, akamsaidia kwa Kijerumani na Kilatini kilichowekwa kando ya kila neno. Ukurasa wa mbele wamtaja Vuk peke yake, kwamba ameikusanya na kuitoa. Jina moja la kumwita Kopitar limenifika kwenye ncha ya kalamu, nalizuia kwa shida. Soma kwanza barua walizoandikiana wawili hao, ndipo uniulize tena.

Mamako