Muulize Bwana Shamba: Viazi vya Mapema Wakati wa Baridi

Kila kipupwe kinapoingia, barua kutoka nyanda za juu hurudia ombi lile lile: msomaji anataka viazi mviringo vyake vifike sokoni kabla ya vya jirani. Safari hii tumechagua barua tano na kuzifupisha, tukiacha majina ya waandishi kama walivyoomba.

Bwana Shamba, shikamoo. Nina kinyungu (bustani ya bondeni kando ya maji) wilayani Makete. Mwaka huu nilipanda viazi mwanzoni mwa Julai ili nivune kabla ya Krismasi, wakati bei ni nzuri. Mbegu ilikuwa yangu mwenyewe. Niliivuna Februari nikaihifadhi kwenye magunia jikoni, na nilivunja machipukizi mara kadhaa kwa sababu yalikuwa yamerefuka mno. Baada ya wiki sita zaidi ya nusu ya mashimo hayakuwa na kitu. Nilipofukua nilikuta kiazi mbegu kikiwa kizima, hakijaoza, kimezaa viazi vya ukubwa wa gololi, lakini hakina shina wala jani. Majirani wanasema shamba limerogwa. Nifanyeje?

Marahaba, ndugu yangu. Mganga usimsumbue, kwa kuwa maelezo yako yenyewe yamebeba jibu. Kiazi mbegu huzeeka, na huzeeka haraka zaidi kikikaa mahali pa joto na giza kama jiko lako, tena kila unapovunja machipukizi unakimalizia nguvu. Mbegu iliyozeeka namna hiyo ikitupwa ghafla kwenye udongo wa baridi, chipukizi hushindwa kurefuka na kutoboa juu, na chakula kilichomo ndani ya kiazi mama huhamia kwenye vitoto vya viazi chini kwa chini. Tatizo hili linajulikana sana katika nchi za baridi kama Uingereza, na kwetu hulipata zaidi anayepanda mapema kwa mbegu ya zamani. Mashimo hayo hayataota tena, hata ukiyamwagilia maji au kuyaongezea mbolea.

Kwa msimu ujao, anza na mbegu. Chagua viazi vizima vyenye kipenyo cha kati ya milimita 35 na 55, na usivifunge kwenye magunia. Vitandaze kwenye vichanja vya fito, safu mbili au tatu tu, ndani ya banda linalopitisha hewa na mwanga lakini lisiloruhusu jua kupiga viazi moja kwa moja. Ghala la mwanga hafifu la namna hii hujengwa kwa miti, mianzi na nyasi za kuezekea, kwa hiyo gharama yake si kubwa. Mwanga huzuia machipukizi yasirefuke. Badala ya nyuzi nyeupe zinazokatika ukizigusa, unapata machipukizi mafupi, manene, ya kijani au zambarau, ya urefu wa sentimita moja hadi mbili. Ngozi ya kiazi nayo itageuka kijani. Hilo halina madhara kwa mbegu, ila viazi hivyo visiingie chunguni, kwa sababu mwanga huo huo unaovipa ukijani huongeza ndani yake sumu ya solanini.

Mbegu iliyochipuzwa vizuri huota shambani takribani wiki mbili mapema kuliko ile iliyotoka guniani ikiwa imelala. Hapa ndipo wakulima wengi wanapokosea hesabu. Mbegu isiyochipua, ikipandwa kwenye udongo wa baridi, huweza kukaa wiki nne au tano kabla ya kuonekana, na katika muda huo sakitu (umande unaoganda) ya Julai inapita juu yake bila kuigusa. Mbegu iliyochipuzwa haingoji hivyo, na ukiipanda tarehe zile zile, majani yake machanga yatakutana na sakitu uso kwa uso. Kwa hiyo anayechipuza mbegu anaweza kupanda baadaye kidogo kuliko jirani yake na bado akamtangulia kuvuna. Katika maeneo mengi ya Njombe na Uporoto, ningependelea mwanzo wa Agosti kuliko mwanzo wa Julai, na kwa aliye karibu na uwanda wa juu wa Kitulo, wenye baridi kali zaidi, ningesema asubiri zaidi.

Kinachoamua siku ya kupanda ni joto la udongo kuliko kalenda. Chomeka kipimajoto kwenye kina cha sentimita 10 asubuhi; kikionyesha nyuzijoto 8 au zaidi kwa wiki nzima mfululizo, panda. Chini ya hapo kiazi hulala tu kikisubiri kuoza. Mteremko unaotazama kaskazini hupata joto mapema kuliko ule wa kusini, kwa kuwa katika miezi ya Juni na Julai jua la kwetu huku kusini mwa ikweta hupita upande wa kaskazini, na tofauti hiyo utaiona hata kwa umande: upande mmoja umekauka, wa pili bado unalowesha miguu. Inua matuta ili maji yatoke na jua liingie, panda kwa kina cha sentimita 5 hadi 7 tu, kisha ongeza udongo kwenye mashina kadiri yanavyokua. Nafasi ya sentimita 75 kati ya tuta na tuta na 30 kati ya shina na shina inatosha, na kwa ekari moja utahitaji kati ya kilo 800 na 1,000 za mbegu. Mbolea yenye fosfati iwekwe wakati wa kupanda, karibu na mbegu lakini isiiguse, kwa sababu mizizi katika udongo wa baridi hufyonza fosfati kwa shida. Urea usiikimbilie, maana majani mengi, laini na mapema ndiyo ya kwanza kuungua kwa sakitu.

Jambo la mwisho linahusu mahali penyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na vinyungu vingi viko humo humo. Pima kabla hujawekeza mbegu ya ghali.

Salaam kutoka Kinangop, Kenya. Waru (viazi) zangu zilikuwa na umri wa wiki tano. Usiku mmoja wa Januari mbingu ilikuwa safi bila wingu, na kufikia saa nne asubuhi majani yote yalikuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ning'oe nipande upya? Na je, moshi unazuia sakitu?

Using'oe, angalau kwa siku kumi. Kiazi mbegu na sehemu ya shina iliyo chini ya udongo kwa kawaida huwa salama, na machipukizi mapya hutokea chini ya sehemu iliyoungua. Fukua mashina machache uangalie: shina likiwa gumu na jeupe kwa ndani karibu na kiazi mama, subiri, likiwa laini na lenye majimaji, hilo limekwisha. Majani yaliyokufa yaache yajinyaukie yenyewe. Machipukizi mapya yakishaonekana, weka mbolea kidogo ya kukuzia na uinulie matuta, huku ukikubali kwamba mavuno yatachelewa kwa wiki mbili au tatu na kwamba gunia kadhaa zimepotea. Kama mimea ingekuwa imevuka siku 70, ningekushauri vinginevyo: uiache wiki mbili ngozi za viazi zikomae, kisha uchimbe.

Kuhusu moshi, desturi hiyo ni ya zamani lakini faida yake ni ndogo. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani. Wingu la kawaida huzuia joto hilo kwa sababu limejaa maji, ilhali moshi wa mabua haulizuii kwa kiasi cha maana, tena mara nyingi hutambaa kwenda kwa jirani. Kinachosaidia zaidi ni kumwagilia shamba mchana kabla ya usiku unaoushuku, kwa kuwa udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana na kulitoa usiku kuliko udongo mkavu. Ukiwa na eneo dogo, funika mimea kwa kitambaa chepesi jioni na ukifunue asubuhi. Matandazo ya nyasi juu ya udongo hayafanyi kazi hiyo hiyo. Yanazuia udongo usipate joto mchana na usilitoe usiku, hivyo hewa inayogusa majani huwa baridi zaidi. Nimeona wakulima wengi wakitandaza nyasi kwa nia njema wiki ile ile ya sakitu.

Tazama pia umbo la shamba lako. Hewa baridi ni nzito. Huteremka kutoka milima ya Nyandarua kama maji yanavyoteremka na kutuama mahali pa chini. Ua mnene wa miti ulioupanda upande wa chini wa shamba unaizuia isitoke. Ufungue mlango katika ua huo, upana wa mita kadhaa, hewa ipate pa kwenda.

Mimi ni mkulima wa Lushoto. Mbegu ni ghali. Je, naweza kukata kiazi kimoja vipande viwili au vitatu ili zinitoshe? Na aina gani hukomaa upesi?

Wakati wa baridi, hapana. Jeraha la kiazi hufunga vizuri kwenye joto la wastani, lakini kwenye udongo wa baridi na unyevu wa Usambara kipande huoza kabla hakijafunga, na kisu kinachopita kutoka kiazi hadi kiazi hubeba magonjwa. Panda viazi vidogo vizima. Kuhusu aina, Shangi ya Kenya imependwa kwa sababu hukomaa ndani ya takribani miezi mitatu na mbegu yake hulala kwa muda mfupi sana, sifa ambayo hugeuka kero pale viazi vya kula vinapoanza kuchipua stoo. Kwa upande wako, ambako ugonjwa wa bakajani chelewa (unaoua majani kwa madoa) hauondoki, ningeipa uzito zaidi aina inayoustahimili, kama Sherekea, hata ikichelewa kidogo. Ugonjwa huo hupenda hasa hali ya hewa unayoishi nayo: nyuzijoto kati ya 10 na 20, umande na ukungu wa asubuhi usiotoka mapema. Dawa ya kinga yenye mankozebu ipulizwe kabla ya madoa kuonekana, kwa vipimo na muda ulioandikwa kwenye lebo.

Nauza chipsi Dar es Salaam. Viazi vya kwanza vya msimu vikiingia, chipsi zinakuwa za kahawia kabla hazijaiva na zinakunywa mafuta mengi. Wateja wanadhani mafuta yangu ni machafu. Tatizo ni nini?

Mafuta yako huenda hayana hatia. Kiazi kilichovunwa kabla ya kukomaa kina sukari nyingi na wanga kidogo kuliko kilichokomaa. Sukari hiyo ndiyo inayogeuka kahawia kwenye mafuta ya moto, na maji mengi yaliyomo ndiyo yanayotoka na kuyaachia mafuta nafasi. Baridi huongeza tatizo: kiazi kilichokaa kwenye baridi, iwe shambani kabla ya kuvunwa au kwenye friji, hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Kwa hiyo usihifadhi viazi vya chipsi kwenye friji hata kama nafasi ipo.

Kabla hujalipia mzigo, omba viazi vitatu kutoka magunia tofauti, vikate na uvikaange hapo hapo; dakika chache zitakuambia zaidi ya maneno ya dalali. Sugua ngozi kwa kidole gumba pia. Ikibanduka kwa urahisi, viazi havijakomaa, na kwenye lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi) iliyosafiri usiku kucha kutoka Njombe vingi vitakuwa vimechubuka. Mzigo ulioharibiwa na baridi unaweza kuuokoa kwa kuuweka wiki mbili au tatu mahali pakavu penye giza na joto la nyuzijoto 15 hadi 20, ili sukari ipungue, ingawa kwa joto la Dar es Salaam kupata mahali kama hapo ni shida. Dawa yenyewe iko kwa mkulima: akate mashina siku 10 hadi 14 kabla ya kuchimba, ngozi ikaze ardhini. Hata anayewahi soko anaweza kuvumilia siku hizo, na mnunuzi anayelipa bei nzuri ana haki ya kuzidai.

Nalima maeneo ya joto kidogo nje ya jiji la Mbeya. Nimeambiwa mbegu kutoka sehemu za baridi kali haina ugonjwa. Nilinunua kwa mkulima wa huko juu, shamba lake lilikuwa la kijani tupu, lakini kwangu imenyauka ovyo. Je, nilidanganywa?

Yawezekana muuzaji wako naye hakujua. Ni kweli kwamba sehemu za baridi zina wadudu wachache wanaosambaza virusi, na ndiyo sababu mbegu ya huko ina sifa nzuri. Lakini bakteria wa mnyauko huweza kuishi ndani ya kiazi kwenye baridi bila kuonyesha dalili yoyote, mmea ukabaki wa kijani mpaka siku ya kuvuna, kisha ugonjwa ukajitokeza mara mbegu hiyo inapopandwa mahali pa joto zaidi. Macho peke yake hayatoshi kulihukumu shamba la mbegu la huko juu.

Kwanza thibitisha kilichokupata. Kata kipande cha shina lililoanza kunyauka, karibu na ardhi, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka kutoka kwenye kidonda ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kupuliza itakayoutibu. Ng'oa shina hilo pamoja na viazi vyake na udongo ulioshikana nao, uvitoe shambani, na usivitupe kwenye mfereji wala kwenye shimo la samadi. Eneo hilo lipumzike viazi, nyanya, biringanya na pilipili kwa misimu kadhaa. Panda mahindi au ngano. Majembe na viatu vioshwe kabla ya kuingia shamba lingine. Mbegu ya msimu ujao nunua ile iliyokaguliwa na kuthibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na kama unataka kujua aina inayofaa kwa mwinuko wako, kituo cha Uyole cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, hakiko mbali nawe. Nenda na sampuli ya udongo pamoja na shina moja linalonyauka, likiwa limefungwa kwenye mfuko wa plastiki usiovuja.