Kuihama timu hakutakuponya

Ndugu yangu, umeuliza kama uihame timu uliyoipenda tangu utotoni, maana kila ikifungwa hulali na kazini wanakuchamba. Mimi nasema usihame. Nakuelewa kabisa, maumivu hayo si upuuzi. Timu ikishinda tunasema "tumeshinda", na ikipoteza wengi husema "wamefungwa". Wewe bado unasema "tumefungwa", ndiyo maana inakuuma hivyo.

Watazame Bayer Leverkusen, klabu ya soka ya Ujerumani. Mwaka 2002 walikosa ubingwa wa Ujerumani kwa pointi 1, wakapoteza fainali ya kombe la nchi yao, kisha wakafungwa 2-1 na Real Madrid fainali ya Ligi ya Mabingwa. Yote ndani ya mwezi mmoja! Wakabandikwa jina la kejeli, wakalibeba miaka 22. Mwaka 2024 wakatwaa ligi bila kufungwa hata mechi moja. Aliyehama 2003 aliyaona hayo kama mpita njia.

Siwezi kukuahidi kombe, timu nyingine hazilipati kamwe. Ila usingizi wako ulinde: kipenga cha mwisho kikilia, zima simu, usisome kejeli usiku huo. Mpigie shabiki mwenzako, mlalamike pamoja mpaka mchoke.