Msichukue ghorofa nzima

Ndugu, umesema mnatafuta ofisi Mwanza, mko 12, wengi wanafanyia kazi nyumbani Buhongwa na Igoma, mjini wanakuja siku mbili kwa wiki, na mwenye nyumba Capri Point anawabana mchukue ghorofa nzima. Kataeni. Mkipangiana zamu, meza 7 au 8 za kupokezana zinatosha. Kila mtu apate kikabati chenye ufunguo, la sivyo chaja zitaanza kuota miguu.

Hela inayobaki iende chumba cha mikutano. Hapo ndipo wengi wanaharibu: sakafu ya vigae, kuta tupu, dirisha kubwa la kuangalia ziwa. Mandhari safi, sikatai, lakini aliyeko nyumbani anasikia mwangwi tu, na mkikaa mmeligeuzia dirisha mgongo, kwenye skrini mnaonekana vivuli. Tandikeni zulia, wekeni mapazia mazito, na kamera ikae upande wa dirisha ili mwanga uwapige usoni. Kipaza sauti kiwe katikati ya meza, si laptopu ya bosi kule pembeni.

Umeme ukikatika, betri ibebe ruta ya intaneti kwanza, feni baadaye. Na kabla hamjasaini mkataba, ingieni chumba hicho saa kumi jioni mpige simu ya video, mjionee mwanga na mwangwi.