Vifaa vya mlimani havirudi kamili: tumekosea hatua gani?

SWALI

Habari za kazi, kaka. Mimi ni meneja wa ofisi katika kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, tuko Moshi mjini. Kila kundi likishuka tunakuta upungufu. Vigingi vya mahema havitimii, fito zimevunjika au zimechanganywa, mifuniko ya majiko ya gesi haipo, na mahema yanarudi yamefungwa na maji mpaka yanaota ukungu. Mtunza stoo anasema wapagazi wanaiba. Wapagazi wanasema stoo inawapa vifaa vibovu kisha inawakata hela. Nilihudhuria semina ya fikra za usanifu (design thinking, njia ya kutatua tatizo kwa kuanza na anayelipata) pale Arusha nikarudi na moto. Tumekaa vikao vitatu: mkurugenzi, mhasibu, mtunza stoo, kijana wetu wa kompyuta na mimi. Tumejaza ukuta karatasi za rangi. Kilichotoka ni wazo la kununua mfumo wa bakodi, kila kifaa kibandikwe na kuskaniwa kikitoka na kikirudi. Mkurugenzi ameshakubali, lakini bei si ndogo na mimi nafsi inasita. Tumekosea hatua gani, na tunaanzaje upya kabla ya msimu wa Juni?

JIBU

Nzuri, dada. Nafsi yako inasita kwa haki. Hebu rudia orodha ya waliokaa kwenye vikao hivyo. Hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kufungua hema kambi ya Barafu, ile ya mwisho kabla ya kilele, upepo ukivuma. Mnatafuta dawa ya kazi ambayo wanaoifanya hawamo chumbani.

Mlichoruka ni hatua ya kwanza, ile ya kwenda kumwelewa mhusika. Timu nyingi ninazofanya nazo kazi huiruka hiyo hiyo, kwa sababu haina raha. Kubandika mawazo ukutani huku chai na maandazi vipo mezani ni raha. Kusimama kwenye tope geti la Mweka, makundi yanaposhukia, saa kumi na moja jioni si raha.

Hizo hatua tano ulizofundishwa, yaani kumwelewa mhusika, kuandika tatizo, kutoa mawazo, kutengeneza sampuli na kujaribu, zilienezwa na taasisi ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford, ambayo David Kelley ni mmoja wa waasisi wake. Kelley ndiye pia mwanzilishi mmojawapo wa kampuni ya usanifu ya IDEO. Mwaka 1999 televisheni ya ABC ya Marekani iliipa IDEO siku 5 isanifu upya kitoroli cha supamaketi, kamera zikifuatilia. Walichoanza nacho ni kutoka ofisini. Walikwenda madukani kutazama watu wanavyosukuma vitoroli, wakazungumza na wanaovinunua na kuvitengeneza, na huko ndiko wakasikia kwamba vitoroli vinaibwa. Sasa angalia walichofanya na taarifa hiyo. Mfano waliotoa mwishoni ulikuwa fremu tupu ya kupachika vikapu vya kutoa, na fremu isiyo na vikapu haimfai mwizi kwa lolote. Wizi wakaupunguzia hamu bila kuweka mlinzi.

Sasa soma tena barua yako. Ina matatizo manne, nawe umeyafunga furushi moja. Ukungu hauibwi. Fito iliyovunjika haikuibwa, iko stoo. Yanabaki mawili ambayo neno wizi linaweza kukaa, vigingi na mifuniko ya majiko, na hata hapo jiulize mtu mwenye nia ya kuiba ataachaje koti zuri la kukodisha akaondoka na kigingi. Swali lililowaongoza kwenye vikao lilikuwa “tufanyeje wasituibie”, na swali la namna hiyo huwa limeshachagua jibu. Bakodi imetoka humo. Bakodi ingekuambia kuwa hema fulani limerudi. Isingekuambia kuwa limerudi na maji, wala kuwa fito zake mbili ni za hema jingine.

Kwa hiyo vikao visimame kwanza. Chagua hema moja, ulifuate tangu linatoka stoo hadi linarudi. Kama huwezi kupanda mwenyewe, mtume mtu anayeandika vizuri, asiye bosi wa mtu yeyote kule juu, au mpe daftari mpagazi mmoja umlipe kwa kazi hiyo ya ziada. Nitakutajia mahali pa kukazia macho.

Pa kwanza ni mlango wa stoo alfajiri. Je, fito na vigingi vinahesabiwa mbele ya anayepokea, au anakabidhiwa mfuko uliofungwa huku dereva anapiga honi? Kama ni mfuko uliofungwa, basi hakuna anayejua kilichotoka, na hesabu ya kurudi inalinganishwa na kitabu tu. Pa pili ni getini kwenye mizani. Mzigo una kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, na ukizidi, mizigo inapanguliwa pale pale chini. Hema lililotoka stoo likiwa kitu kimoja linaweza kuingia msituni likiwa vipande viwili migongoni mwa watu wawili: kitambaa kwa huyu, fito kwa yule. Jioni kambini vinakutana, kama hakuna aliyechelewa. Kambi moja baada ya nyingine, wanaochanganya fito ni watu wenye haraka wanaotaka mgeni apate pa kuingia kabla mvua haijanyesha.

Halafu Barafu, mita 4,600 na kitu juu ya usawa wa bahari. Wageni wanarudi kutoka kileleni, wanapumzika kidogo, kisha kambi yote inatakiwa kushuka siku hiyo hiyo. Vigingi vilivyopigwa jana vimeganda kwenye udongo, vingine vimebanwa na mawe. Mtu mwenye vidole vya baridi, asiye na nyundo, atang'oa vinavyokubali kung'oka. Mtume mwandishi wako ahesabu vigingi pale, kabla ya kufunga na baada ya kufunga, na nina hakika utapata jibu la tatizo la kwanza bila kumhoji mtu.

Kambi ya Mweka iko chini, kwenye unyevu wa msitu. Mahema yanafungwa asubuhi yakiwa na umande au mvua kwa sababu hakuna muda wa kuyaanika. Getini kuna cheti, nyimbo, tipu. Gari linafika stoo jioni, watu hawajaoga siku sita, kila mmoja anataka kufika kwao Uru au Kibosho. Mifuko inamwagwa. Mtunza stoo anahesabu kesho yake, peke yake. Hapo ndipo nakuomba ukae muda mrefu zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ugomvi wenu wote umezaliwa kwenye huo usiku mmoja ambao vifaa havina mwenyewe.

(Makundi ya njia ya Marangu yaache pembeni. Wale wanalala kwenye vibanda, hesabu yao ya mahema haifanani na ya njia za Machame au Lemosho, ambako watu hulala kwenye mahema.)

Kuna jambo ambalo pengine semina haikuligusa, nalo ndilo zito. Mnawakata hela. Mpagazi akijua kwamba kila neno lake linaweza kugeuka makato, atakujibu “hakuna shida, mama”, na hakuna mbinu ya mahojiano itakayomtoa hapo. Kabla hujauliza chochote, mkurugenzi atangaze mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya waongozaji na wapagazi, kuwa makato yamesimama kwa makundi yote yatakayofuatiliwa. Akikataa, okoa hela yako na muda wako, usiendelee na hatua nyingine. Utakusanya uongo wa heshima na kuupanga kwa rangi ukutani.

Akikubali, wahoji nje ya ofisi, pale wanapokunywa chai. Usiulize “mnapendekeza nini?” Watu wanaohojiwa na ofisi hupendekeza kile wanachodhani ofisi inataka. Sema: “Nielezee mlivyofunga kambi Barafu safari iliyopita, tangu wageni waliporudi.” Kisha nyamaza. Akisema “tukafunga haraka”, uliza nani alikuwa anaharakisha, na mahema yalifungwa mangapi na watu wangapi. Tukio la juzi lina mikono na vitu ndani yake. Maoni ya jumla hayana.

Mkimaliza hapo, andikeni tatizo upya, moja moja, kila moja kwa sentensi inayomtaja mtu, anachohitaji na sababu yake. Kwa mfano: kikosi kinachofika stoo jioni kimechoka kinahitaji kukabidhi vifaa mbele ya macho yake na kwa muda mfupi, kwa sababu hesabu ya kesho yake inawaacha wote bila ushahidi. Linganisha na “tufanyeje wasituibie”. Sentensi hii inaruhusu majibu mengi, ile ya kwanza inaruhusu kufuli tu. Lakini usinakili ya kwangu. Yenu itoke kwenye daftari lenu, na inaweza ikawa tofauti kabisa.

Sasa ndipo mrudi kwenye karatasi za rangi, mkiwa na watu wapya mezani: wapagazi wawili au watatu, mpishi mmoja, mwongozaji mmoja, na walipwe siku hiyo kama siku ya kazi. Msianze kwa kupayuka mawazo. Kikao cha kumwaga mawazo kwa sauti kilienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, katikati ya karne iliyopita. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakakipima: wakalinganisha vikundi vya watu wanne waliokaa pamoja na watu wanne waliofikiri kila mtu kivyake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliofikiri kivyao walitoa mawazo karibu mara mbili. Kwenu tofauti inaweza kuwa kubwa zaidi, kwa sababu mkurugenzi akishasema lake, mpagazi gani atasema jingine? Kila mtu aandike kimya kwanza. Asiyependa kuandika achore, au amwambie mwenzake amwandikie. Kisha asome mdogo kwanza, mkurugenzi wa mwisho.

Hapa Arusha tuna karakana ya Twende, ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyegeuka mvumbuzi. Msimamo wa pale ni kwamba mwenye shida ajenge kifaa kwa mikono yake mwenyewe, asingoje kuletewa. Nakushauri uuchukue msimamo huo kwenye hatua ya sampuli. Wape wapagazi utepe wa rangi wa mafundi umeme, kamba, vifuko vya turubai na kalamu isiyofutika, uone wanatoa nini. Utepe mwekundu kwenye fito zote za hema moja, wa bluu kwenye la pili, na mtu ataona kosa hata gizani kwa taa ya kichwa. Nyundo ndogo ya kung'olea vigingi, moja kwa kikosi. Kamba za kuanikia uani kwenye stoo, na kijana mmoja wa kulipwa kufungua mahema usiku ule ule. Vitu vya namna hii havihitaji kikao cha bajeti.

Mfumo wa kompyuta nao unaweza kujaribiwa bila kununuliwa. Mtu mmoja akae mlangoni na daftari, aigize kompyuta: kila kifaa kina namba iliyoandikwa kwa kalamu, anasoma na kuweka tiki kikitoka na kikirudi, kikosi kikiwa kimesimama pale. Pima inachukua dakika ngapi na kama watu wanakubali kusubiri. Makabidhiano yakishindikana kwa daftari, yatashindikana kwa mashine, ila hapo mtakuwa mmeshalipa. Yakiwezekana kwa daftari, mashine inaweza kuja baadaye kuyaharakisha, na mtajua kwa uhakika mnachonunua.

Kwenye kujaribu, makundi mawili ya njia moja, moja likitumia mpango mpya na jingine likiendelea na wa zamani, ni bora kuliko kufurahia kundi moja lililorudi vizuri. Andikeni mapema, kabla kundi halijapanda, matokeo gani yatawafanya muache wazo hilo. Bila hivyo kila matokeo yatasomeka kuwa mazuri, hasa kama wazo lilikuwa la mkurugenzi. Na badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Ukileta utepe, nyundo na makabidhiano ya jioni safari moja, vigingi vikitimia hutajua umshukuru nani.

Huenda mkagundua kwamba sehemu ya tatizo haina ubunifu wowote ndani yake. Mahema yamechakaa na yanahitaji kununuliwa mengine. Au mtunza stoo ni mmoja na makundi ni mengi. Au kikosi kinapangwa watu pungufu kwa mahema kinayoyabeba. Hayo yanatibiwa kwa hela na ajira, na hapo usiitishe warsha.

Kuhusu muda: wakati wa mvua za Machi hadi Mei makundi ni machache, na kwa kufuatilia hilo ni jambo jema, maana mvua ndiyo itakayokuonyesha habari ya ukungu. Makundi mawili ya kufuatilia tu, mawili au matatu ya kujaribu, na Juni haijafika. Mkurugenzi mwambie asivunje mpango wa bakodi, auahirishe tu, na muuzaji mwombe bei yake iandikwe ibaki ile ile hadi Julai.